Baba Hakusema Bukakata

Katwe, Alhamisi jioni

Mwanangu Zena,

Si baba yako aliyesema kwamba meli inaondokea Bukakata. Ni mimi. Hili sijamwambia mtu yeyote, na nimeliandika kwanza kabla woga haujanirudia, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa hivi uko uani, Bibi anakusuka. Nawasikia kupitia dirishani. Umemwambia anakuumiza, naye amekujibu, "Kichwa kinachokwenda ugenini husukwa mpaka macho yavutike. Tulia." Ukasema basi utafika Bukoba ukiwa Mchina. Bibi amecheka mpaka kitana kimemwanguka. Nataka nikumbuke kicheko hicho, kwa sababu kesho nyumba hii itakuwa na wanawake wawili tu wasiojua kuchekeshana.

Bibi atakuambia mambo ya kuoga, kuswali, na kutotazama sahani za watu. Mimi hayo nayaacha.

Barua hii hutaisoma leo. Nitampa Ma Koku, yule mama wa Bukoba unayesafiri naye, aifunge pamoja na kahawa yake kwenye majani ya mgomba, naye atampa mama yako mkononi. Mama yako ataiweka mpaka utakapokuwa na umri kama wangu wa sasa, msichana aliyemaliza shule na hajui atafanya nini. Wakati huo pengine utakuwa umenikasirikia kwa miaka. Ndiyo maana naandika.

Wenzangu niliomaliza nao shule hunicheka ninapokuita mwanangu. Mmoja aliniambia, "Umezaa lini wewe, usiyeweza hata kumwambia kondakta akushushe?" Ni kweli, mara nyingi nimepitishwa kituo changu nikarudi kwa miguu, kwa sababu sauti ilikataa kutoka. Lakini wenzangu hawakulelewa na Bibi. Kwetu mtoto wa kaka hana shangazi tu. Bibi husema shangazi ni baba aliyevaa kanga, na baba asipokuwepo, yeye ndiye anayeulizwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya arusini, ya kumfanya shangazi atoe zawadi kubwa. Sikujua kwamba siku moja nitaulizwa kweli.

Baba yako alikuwa karani wa bandari, Port Bell. Kazi yake ilikuwa kuandika mabehewa yanayoshuka kutoka stesheni na kuingizwa melini, na yale yanayotoka melini kurudi juu. Unakumbuka alivyokuwa akirudi na kalamu sikioni, wewe ukipanda kitini kuichomoa. Siku walipokuja kumchukua, wale watu wa usalama waliokuja na gari walimwita kwa upole kabisa, kama wanaotaka kuuliza njia. Akaenda na kalamu yake hapo hapo sikioni. Mama yako alikuwa amekwenda kwao Bukoba kumzika mama yake. Njia ya barabara ikafungwa mpakani nyuma yake, hakuweza kurudi, na sisi hatukuweza kumfuata.

Baadaye tulipata habari kwamba yuko Luzira, katika jela ile iliyo karibu na bandari yake mwenyewe. Bibi akaanza kupika. Kila Ijumaa bakuli lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa, na mimi wa kulipeleka. Niliuliza kwa nini mimi. Bibi alisema, "Wewe hata ukisimama mbele ya mtu hakuoni. Zamani ilikuwa hasara. Leo ni faida." Getini askari hupokea bakuli lililojaa na kukurudishia lile la wiki iliyopita; yetu mawili yalifanana kama mapacha. Huulizi kitu. Bakuli likirudi tupu, unajua mtu wako anakula, na anayekula yu hai. Nyumba nyingi za Kampala zinaishi hivyo sasa, kwa kusoma mabakuli.

Ijumaa moja, mvua za masika zikiwa bado hazijaisha, askari hakupokea. Alikuwa mtu mrefu wa kaskazini, ambaye siku zote alinijibu salamu vizuri. Alisogea karibu na nondo akasema chini chini, "Dada, chakula ya huyu mutu usilete tena. Huyu alishakufa. Usilie hapa, watakuona. Enda."

Nilimwambia asante. Mpaka leo najiuliza nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Sikuweza kwenda nyumbani. Miguu yangu ilifuata reli, nayo reli ile haina pengine pa kwenda ila ziwani. Nilikaa kwenye ukingo wa gati, bakuli likiwa bado moto mapajani. Kuna wanawake pale wanaokaanga samaki. Mmoja akanipigia kelele, "Wewe msichana! Unaatamia bakuli kama kuku. Litaangua lini?" Wenzake wakacheka. Nikainuka, nikawapa chakula chote, kwa sababu sikujua nikifanyie nini. Walikula kwa haraka, wakanioshea bakuli.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeyapanga maneno. Wallahi, Zena, nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Bibi alinipokea mlangoni, akafunua kifuniko kabla sijavua viatu.

"Amekula lote?"

Ukatokea nyuma yake, ukashika kanga yake, ukinitazama.

"Lote," nikasema.

"Na boga?"

"Na boga."

Bibi akapiga makofi. "Mimi nimempiga mtoto yule kwa ajili ya boga mpaka mkono ukaniuma, hakula. Jela imemfundisha!" Wewe ukacheka sana, ukarukaruka uani ukisema baba anakula boga. Ningeyatoa wapi tena yale maneno yangu?

Nilidhani uongo ni kama mwiba, unauingiza mara moja, basi. Sikujua kwamba ni kiumbe, kinataka kulishwa. Kila Ijumaa Bibi aliamka alfajiri kukipikia, na mimi nilikipeleka Port Bell. Wale wanawake wakanizoea. Wakaniita Bubu. Nilikaa nao mpaka muda wa getini upite, kisha nikarudi nyumbani na bakuli tupu, sketi ikiwa na grisi ya mabehewa pindoni. Bibi alikuwa akiisugua grisi hiyo na kusema, "Huko jela wanapaka kuta mafuta?" Nilinyamaza. Watu hudhani mtu mnyamavu hasemi uongo. Mwanangu, kunyamaza kumeniwezesha kusema uongo mkubwa kuliko wasemaji wote wa mtaa huu.

Kisha ukaja ujumbe wa mama yako. Mfanyabiashara mmoja aliuleta kwa mdomo: mleteni Zena kwa meli, upesi, kabla hata njia ya maji haijafungwa. Bibi hakulala wala hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa jirani, yule anayetengeneza masanduku kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa, akaagiza sanduku lako. Ubishi ulianzia hapo hapo, juu ya kelele za nyundo.

"La safari ya wapi, nyabo?"

"Ya meli. Port Bell."

Fundi akaweka nyundo chini. "Meri ya watu? Hiyo siku hizi iko Jinja. Mimi naambia wewe, Jinja."

"Wewe unajua nini? Mama yake mtoto huyu alikuja bibi arusi kwa meli hiyo, akashukia Port Bell. Nilimpokea mimi, kwa mikono hii."

"Hiyo ilikuwa zamani, nyabo. Zamani hata sukari ilikuwa dukani."

Bibi akageuka akanitazama mimi. "Mtoto huyu baba yake ni karani wa bandari, halafu sisi tunauliza mafundi wa bati? Kesho Ijumaa. Mbembeleze askari amuulize mwenyewe. Kila kitu kuhusu meli yeye anakijua."

Nawe ukadakia, "Shangazi, mwambie nimeng'oka jino!"

Nilisema nitamwambia.

Siku iliyofuata ilikuwa mara ya kwanza wale wanawake wa samaki kunisikia nikiuliza jambo. Niliuliza meli ya abiria inakuja lini. "Hee! Kumbe Bubu ana ulimi!" Kisha wakaniambia nilichokuwa nimeshakiona kwa macho yangu bila kukifikiria: Port Bell sasa ni mabehewa tu yanayopanda meli, watu wanabaki. Na ile ya watu inatia nanga wapi? Mmoja akasema Jinja, mwingine akasema Entebbe. Wa tatu akasema ilishazama. Mwenzake akamwambia, "Wewe unazamisha kila kitu, hata ndoa yako."

Mimi sikucheka, kwa sababu nilimkumbuka mtu mmoja. Wiki moja kabla alikuwa amekuja pale na mkoba, amevaa vizuri, akamuuliza askari wa gati saa ya meli ya Mwanza. Askari naye akamuuliza, "Meli gani? Hapa hakuna meli ya watu. Unakimbia nini?" Wakaja wengine, wakampandisha garini. Mkoba ulibaki palepale siku nzima, mvua ikaunyeshea, hakuna aliyeugusa. Ndipo nilipoelewa kwamba kwenda bandari isiyo ya meli ya watu si kupoteza siku tu. Ungesimama na Bibi mahali kama pale, na sanduku jipya, mkiuliza meli isiyokuwepo.

Nyumbani nilisema getini hawakuruhusu neno, pengine wiki ijayo. Nilijipa wiki moja ya kuwa karani wa bandari.

Jumatano nilikwenda soko la Nakasero kununua ndizi za bakuli la Ijumaa. Pale upande wa kahawa kuna akina mama wa Bukoba wanaouza ile ya kutafuna. Mmoja alikuwa amefika punde, anafungua magunia. Alikuwa mwekundu. Vumbi lilikuwa kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya kitenge, ndani ya masikio. Nikasimama. Mimi naijua Port Bell, Zena. Anayetoka kule anatoka na grisi, kama mimi. Barabara yake ni lami. Ya Jinja nayo ni lami. Lakini huyu mama wa Bukoba alikuwa amepita njia ndefu ya udongo, na magunia yake vilevile.

"Unanunua," akaniuliza, "au unanihesabu nyusi?"

"Shikamoo, mama. Umekuja kwa meli?"

Wenzake wote wakawa hawasikii kwa ghafla, kila mmoja akishughulika na mzani wake. Naye akaniuliza kwa sauti nyingine, "Nani anayeuliza?"

Hapo ndipo siku zote sauti yangu hufa. Niliona mawazoni mkono wako umeshika kanga ya Bibi. Nikasema, "Nina mtoto. Mama yake yuko Bukoba."

Akanipima kwa macho. "Wewe una mtoto?"

"Wa kaka yangu."

"Na kaka yako yuko wapi?"

Nikainamisha macho kwenye magunia yake. Hakuuliza tena. Alikung'uta kitenge, akasema, "Port Bell mabehewa. Jinja mabehewa. Meli ya watu inashukia Bukakata. Unakwenda kwa basi mpaka Masaka, halafu unakula vumbi kama mimi mpaka majini. Nikimaliza kuuza mzigo huu narudi, Ijumaa ya wiki ijayo. Mtoto wako anatapika safarini?"

"Sijui, mama. Hajawahi kusafiri."

"Basi asinywe chai asubuhi."

Huyo ndiye Ma Koku, ambaye kesho utashika pindo la kitenge chake badala ya kanga ya Bibi.

Nimejifunza mengi mabaya mwaka huu na machache mazuri. Zuri mojawapo ndilo hili. Bibi alikuwa na hakika, fundi alikuwa na hakika, na wote walikuwa wamekaa mahali pamoja kwa miaka. Ukipotelewa na njia, usimfuate mwenye hakika. Mtafute aliyefika sasa hivi, umtazame miguu, kisha umuulize, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa kuuliza mambo mengi kwa kuogopa kuonekana. Sikumuuliza yule askari baba yako alikufa lini, wala kama kuna kaburi. Sasa hayuko tena pale getini, na sina wa kumuuliza.

Ijumaa ile, ya wiki iliyopita, nilirudi na bakuli tupu na jibu. "Kaka amesema Bukakata."

Ulikuwepo. Ulimwona Bibi alivyoketi chini polepole, akafunika uso kwa kanga. Nilidhani ameuona uongo wangu. Kumbe ni furaha. "Hata humo walimomtia," alisema, "bado ni karani. Akili zake hazijaguswa." Akasimama, akamwita fundi juu ya ua: "Haya, wewe na Jinja yako! Mwenyewe amesema Bukakata!" Na fundi, Mungu amlipe mema, akajibu tu, "Basi, kama mwenyewe amesema."

Hakuna aliyebisha tena. Kama ningesema mimi nimeona vumbi kwenye nyusi za mama mmoja sokoni, wangebishana mpaka leo.

Wewe ukanivuta mkono. "Na jino?"

"Amesema litaota lingine, lenye nguvu kuliko hilo."

Ulitia ulimi kwenye pengo ukatabasamu, kisha ukazunguka ua mzima ukiimba, "Baba amesema Bukakata, Baba amesema Bukakata." Niliingia ndani nikauma mto.

Mama Zena, wifi yangu, najua wewe utaisoma barua hii kwanza. Nisamehe kwamba unaipata habari kwa kujipenyeza katika maneno ya mtoto. Muulize sheikh wa huko kama eda yako bado ipo au ilishapita bila wewe kujua. Mumeo alichukuliwa akiwa msafi, na kalamu yake sikioni. Sijui zaidi ya hapo. Ningejua ningekuandikia.

Zena, kesho utanikasirikia. Ulimwambia Bibi kwamba unataka mimi nikusindikize mpaka kwenye basi, naye akakujibu mbele yangu, "Shangazi yako ana bakuli. Baba yako asikose chakula siku mwanawe anasafiri." Kwa ajili ya bakuli ambalo hakuna mtu wa kulila, sitakuona ukipanda basi. Hiyo ndiyo bei yake, na nimeanza kuilipa tangu leo mchana, nilipokukuta umekaa juu ya sanduku umenuna, ukakataa kunitazama.

Kwa hiyo wewe utakuwa njia ya Masaka, na mimi nitakuwa kwenye gati la Port Bell. Huko siwezi kuiona meli yako, visiwa vinaziba. Nitakaa tu. Nikirudi nyumbani, jua likizama bila wewe na Ma Koku kurudi na sanduku, nitajua nilikuwa sahihi. Sijawahi kuomba kwa Mungu nisimwone mtu ninayempenda. Leo naomba hivyo.

Pengine ungeuliza kwa nini simwambii Bibi sasa, maadamu unaondoka. Mwanangu, mtazame anavyokusuka. Vidole vile vinaamka kwa sababu ya Ijumaa. Nimewahi kumwona siku nyingine za wiki akiwa amekaa kitandani, mguu mmoja sakafuni, hajui kwa nini auteremshe wa pili. Mimi si shujaa wala si mtu mwema. Sijapata tu kitu kingine cha kuweka mahali pa lile bakuli.

Bibi ameniita. Anasema nije nione kichwa chako kilivyopendeza, na nawe unasema, "Asije! Mimi simtaki." Nakuja hivyo hivyo.

Basi nakuomba, Zena, wewe na mama yako, siri hii ikae kwenu maadamu Bibi yu hai. Msimwandikie pole. Mkituma neno kwa wafanyabiashara, tumeni la furaha. Semeni jino limeota. Na mwishoni, kila mara, msisahau kusema, "Nisalimieni Baba."

Bibi atanipa salamu hizo nizipeleke Ijumaa, pamoja na boga. Nitazipokea mimi.

Shangazi yako